Neno "boy": maana moja ao nyingi?



Mu somo la Kiingereza tunafunzwa kama "boy" ni mutoto mwanaume. Ni kweli, lakini haitoshi. Ona:

1. "Oh boy!" ni kushangaa tu. Hakuna mutoto pale.
2. "The boys" ni kundi la marafiki, hata kama wako na imvi.
3. "Old boy" hasemi mutoto muzee; ni mutu aliyesoma zamani mu masomo fulani.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikitoka Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia. Siku zile Kiingereza kilisikika sana mu migodi. Na mu Kongo yote, hata Kifaransa cha Wabelgiji kilishika neno hili. Mutumishi wa nyumba: boy. Mwanamuke: boyesse. Nyumba yao ndogo nyuma ya lupango: boyerie. Musaidizi wa dereva wa kamiyo: boy-chauffeur. Baba mwenye bibi na watoto aliitwa "boy", hata na mutoto wa bwana wake! Pale neno halihesabu miaka, linapunguza mutu.

Haikuwa kwetu tu. Mwaka 1968, mu muji wa Memphis, Marekani, watu weusi waliobeba takataka walifanya mugomo. Mabango yao yalisema: mimi ni mwanaume. Mwaka 2006, tribinali kubwa ya Marekani ilisema kama "boy", hata bila neno ingine kando yake, inaweza kuonyesha ubaguzi. Inategemea fasi, sauti, desturi na historia.

Basi, mbele ya kusema tujiulize: nani anasema? Anaambia nani? Kwa sauti gani? Rafiki na rafiki wakicheka, hakuna neno. Lakini kumuita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza "boyi", ati akutekee maji, ni kumuweka mu boyerie. Yeye iko na jina. Na ule anayefagia kiwanja chetu ni Papa, si boyi.

Zoezi: Andikeni maana zote munazosikia za "shefu" na za "muzee". Fasi gani neno linaheshimu mutu, na fasi gani linamucheka? Tutazungumuza pamoja.