Mbwa na Miamba: Umchukue au Umwache Nyumbani?

SOMO LA MWEZI KWA WAKAZI

Mlima Lukenya, karibu na Athi River, umekuwa uwanja wa mazoezi wa wapandaji miamba kwa miaka mingi. Wanachama wa Mountain Club of Kenya hufanya mazoezi hapo, na siku hizi vijana na familia nyingi huja kutembea, kupiga picha na kujaribu kupanda. Baadhi yao huja na mbwa. Wengine hawapendi kumwona mbwa hapo. Mabishano hutokea, na mara nyingi kila upande huondoka umenuna.

Somo hili halimhukumu anayependa mbwa wala anayemwogopa. Linampa mkazi mambo ya kupima kabla ya kumfungulia mbwa mlango wa gari. Baada ya kulisoma, utaweza kueleza:

• mahali ambapo mbwa haruhusiwi kabisa;
• hatari anazoleta chini ya mwamba, na zile zinazomkabili yeye mwenyewe;
• la kufanya mtu akiumwa;
• masharti ya kutimiza kabla ya kwenda na mbwa.

1. Anza na swali la ardhi

Miamba yote haiko chini ya utaratibu mmoja. Katika mbuga za kitaifa zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), mbwa na wanyama wengine wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi. Hell's Gate, kule Nakuru, ni mfano mzuri. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1984. Mgeni anaweza kutembea kwa miguu, kuendesha baiskeli na kupanda miamba, lakini mbwa wake hubaki nyumbani. Hapa kwetu, mbuga ya Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo, ina katazo hilo hilo.

Sababu si ubaguzi. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa, unaohusishwa na mbwa wa kufugwa, uliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, nchini Tanzania. Mbwa anayeonekana mzima anaweza kuacha ugonjwa kwa njia ya mate, mkojo au kinyesi.

Nje ya mbuga, ardhi ina mwenyewe. Inaweza kuwa ya ranchi, ya familia, ya klabu au ya jamii. Ruhusa ya watu kupita si ruhusa ya mbwa kupita. Mfugaji mwenye mbuzi wanaolisha chini ya mlima ana haki ya kuulizwa kwanza. Mbuzi mwenye mimba akifukuzwa na mbwa anaweza kutupa mimba hata kama hakuumwa.

2. Chini ya mwamba, mikono ina kazi

Anayepanda hufungwa kamba kiunoni. Mwenzake aliye chini huishika kamba hiyo kupitia kifaa cha breki. Mkono wake wa breki hauachi kamba hata kidogo, na macho yake humfuata aliye juu. Mtu akiteleza na kuanguka mita 3, hiyo ni chini ya sekunde moja. Hakuna nafasi ya kugeuka na kumkemea mbwa.

Sasa weka mbwa hapo. Amemwona mwenye mbwa akipanda juu, naye anabweka bila kukoma. Aliye juu anaita kwamba anataka kamba ilegezwe au ikazwe, lakini sauti haisikiki. Au mbwa anapita kati ya miguu ya mshika kamba, au analala juu ya kamba iliyokunjwa chini na kuijaza mchanga. Chembe za mchanga zikiingia ndani ya nyuzi huzikata polepole, na kamba ndiyo uhai wa mpandaji.

Wapo wanaomfunga mbwa kwenye jiwe au mti chini ya mwamba wakidhani wamemaliza tatizo. Hapo wamemweka mahali mawe yanapoangukia. Jiwe linaloanguka kutoka urefu wa mita 20 hufika chini likiwa na mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa. Binadamu amevaa kofia ngumu na anaweza kuruka kando akisikia onyo. Mbwa aliyefungwa hawezi.

Kanuni ya kwanza ni hii: kwa kila mbwa, awepo mtu mmoja asiyepanda na asiyeshika kamba, ambaye kazi yake ni mbwa huyo tu. Mkiwa wawili, mmoja juu na mmoja chini, hamna mtu wa mbwa. Mwacheni nyumbani.

3. Wenyeji wa miamba

Katika nyufa za miamba wanaishi pimbi, ambao ndio chakula kikuu cha tai mweusi anayejenga kiota kwenye majabali. Mbwa akizoea kuwafukuza pimbi, anavuruga riziki ya tai. Nyani nao hawakimbii kila mara. Dume la nyani lina meno marefu yanayoweza kumpasua mbwa vibaya. Moma hujilaza karibu na mawe na majani makavu, na mbwa hutanguliza pua kila mahali.

Jua nalo lisisahauliwe. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, kwa kuwa hatoi jasho kama sisi. Kufikia saa sita mchana mwamba unaweza kuwa moto kiasi cha kuunguza nyayo zake. Weka kiganja chako juu ya jiwe. Ukishindwa kukiacha hapo kwa muda mfupi, hata mbwa hapaswi kulikanyaga.

Lukenya pia ina mapango ambamo watafiti wamefukua zana za mawe na mabaki mengine ya watu wa kale. Mbwa anayechimba chini ya mwamba anaweza kuharibu kumbukumbu ambayo haiwezi kurudishwa.

4. Kichaa cha mbwa: hapa hakuna mzaha

Hata mbwa mpole anaweza kuuma akishtuliwa na mtu anayetua ghafla kwa kamba mbele yake. Jeraha dogo likiwa na virusi vya kichaa cha mbwa linaweza kumaliza maisha. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya ugonjwa huu kwa binadamu. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ugonjwa huzuilika kabisa mtu akitibiwa mapema.

Mtu akiumwa, au akikwaruzwa na mbwa:

• Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kwa hiyo beba sabuni na maji ya ziada mlimani.
• Usipake mafuta, majivu, pilipili wala dawa ya mitishamba.
• Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kuwa amechanjwa. Mhudumu wa afya ndiye atakayeamua kuhusu sindano.
• Ukianza sindano, zimalize kama ulivyoelekezwa.
• Mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe mahali salama na achunguzwe na afisa wa mifugo kwa siku 10.

Jambo hili la mwisho ndilo linalomfanya mbwa asiye na msimamizi kuwa mzigo kwa wenzako. Mbwa akiuma na kutokomea vichakani, hakuna wa kuchunguzwa. Aliyeumwa atabaki na hofu, gharama ya safari na siku za kazi zilizopotea.

Kenya imelenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Nguzo kuu ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka mwilini, kwa hiyo usimchanje Ijumaa ukampeleka mlimani Jumamosi.

5. Masharti ya kwenda naye

Mbwa anaweza kwenda ikiwa majibu yote ni "ndiyo":

• Mwenye ardhi ameruhusu mbwa?
• Chanjo haijapita mwaka, na cheti kipo?
• Yupo mtu wa kumshika muda wote, mbali na kamba na mahali mawe yanapoangukia?
• Mbwa hutulia akiona watu wageni, watoto na mbuzi?
• Mmebeba maji yake, na mfuko wa kuondolea kinyesi chake?
• Waliofika kabla yenu wamekubali?

Jibu moja likiwa "hapana", mbwa abaki nyumbani. Kwa siku nyingi za kupanda, hilo ndilo litakuwa jibu, na si kosa la mbwa. Siku ya matembezi ya kawaida, isiyo na kamba wala kuta za mawe, humfaa zaidi.

Jipime

1. Rafiki yako anataka kumfunga mbwa chini ya mwamba ili nyote wawili mpande kwa zamu. Utamwambia nini?
2. Mtoto amekwaruzwa na mbwa asiyejulikana. Hatua ya kwanza ni ipi?
3. Kwa nini mbwa aliyeuma asiuawe?

Majibu: (1) Hakuna mtu wa kumwangalia, na mawe yanaweza kumwangukia, abaki nyumbani. (2) Kuosha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. (3) Ili achunguzwe kwa siku 10.

Kama mbwa wako hajachanjwa mwaka huu, muone afisa wa mifugo wa wadi yako. Ikiwa hujui ofisi yake ilipo, uliza kwa msimamizi wa wadi au kwa chifu.