Picha za mahafali zinagoma kufunguka

SWALI: Nina studio Wandegeya, na kazi yangu kubwa ni mahafali ya Makerere. Nimenunua Canon EOS M50 iliyotumika. Lightroom 6 inakataa picha zake ghafi, na nikizigeuza kuwa DNG naambiwa folda haina picha. Je, kadi imeharibika?

JIBU: Kadi yako huenda haina kosa. M50 ilitangazwa Februari 2018 na ndiyo kamera ya kwanza ya Canon kutumia faili za CR3. Lightroom 6 ilipata sasisho la mwisho Desemba 2017, kwa hiyo haizijui kabisa. Kubadili jina la faili liishie na CR2 hakusaidii kitu. Ukishauriwa hivyo, puuza.

Njia ni ileile uliyojaribu, Adobe DNG Converter, nayo ni ya bure. Ila programu hiyo huchagua folda, si picha mojamoja. Wengi huifungua folda, wakaona tupu, wakaingia ndani zaidi. Nakili kwanza picha kwenye kompyuta, kisha bofya folda yenyewe mara moja na uichague bila kuifungua. Kwenye mipangilio ya ulinganifu weka Camera Raw 7.1.

Zikibaki chache zinazokataa, tazama ukubwa wake. Faili ndogo mno kuliko wenzake ilikatika wakati wa kunakili. Inakili upya kwa kisoma kadi kingine. Na kadi usiifute kabla wahitimu hawajachukua picha zao.