SOMO LA AFYA: Mionzi kwa limfoma adimu na miaka inayofuata

Tezi iliyovimba shingoni, kwapani au kinenani, isiyouma na isiyopungua kwa zaidi ya wiki nne, inahitaji kuonwa na daktari. Wakazi wengi huanza kwa dawa za kuua bakteria kutoka duka la dawa. Uvimbe usiposhuka, wengine huwekwa kwenye matibabu ya kifua kikuu cha tezi kwa miezi kadhaa. Mara nyingi ni kifua kikuu kweli, kwa kuwa ugonjwa huo bado uko nasi kwa wingi. Lakini limfoma, yaani saratani ya mfumo wa tezi, hujificha humo humo, na zipo aina zake zisizoleta homa, jasho la usiku wala kukonda. Mtu hula vizuri, huenda shambani, na kwa hiyo haoni sababu ya kurudi hospitalini.

Somo la toleo hili ni juu ya aina moja kama hiyo. Ni tawi adimu la limfoma ya Hodgkin, ugonjwa ulioelezwa na daktari Thomas Hodgkin wa London mwaka 1832. Kati ya watu 100 wenye ugonjwa wa Hodgkin, takriban 5 tu huwa na tawi hili. Jina lake la kitabibu ni refu: limfoma ya Hodgkin ya vinundu yenye limfosaiti nyingi. Tangu 2022 baadhi ya wataalamu huiita limfoma ya seli B badala ya Hodgkin, basi usishtuke ukikuta karatasi mbili za maabara zina majina mawili. Huwapata zaidi wanaume, hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na hukua polepole mno. Chini ya darubini seli zake zimejikunja na kufura hata wataalamu wakaziita seli za bisi, kwa kuwa zinafanana na mahindi yaliyopasuka kwenye sufuria.

Seli hizo ni chache na zimetapakaa kati ya seli nzima. Ndiyo maana sindano nyembamba ya kunyonya majimaji ya tezi mara nyingi haitoshi. Daktari akishauri kutolewa kwa tezi nzima ili ipimwe, mkubalie. Ni upasuaji mdogo, na bila huo ugonjwa huu hupewa jina lisilo lake na dawa isiyo yake.

Wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa bado sehemu moja au mbili za mwili. Kwa hao, tiba ya mionzi pekee imekuwa na matokeo ambayo madaktari wa saratani hawayaoni kila siku. Kikundi cha Ujerumani kinachochunguza ugonjwa wa Hodgkin kilichapisha mwaka 2015 taarifa za wagonjwa 256 waliokuwa katika hatua ya kwanza kabisa. Baada ya miaka minane, karibu 92 kati ya kila 100 waliopigwa mionzi kwenye eneo la ugonjwa tu walikuwa hai na ugonjwa haujarudi. Ukihesabu waliokuwa hai, uwe umerudi au la, walikuwa 99 kati ya 100. Waliopigwa mionzi kwenye eneo pana zaidi hawakupata nafuu zaidi ya hiyo, na walioongezewa dawa za kemikali pia hawakuwazidi.

Jambo hilo la eneo pana lina historia yake. Mashine za mionzi mikali zilipoanza kutumika, kama ile ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1956, Hodgkin ilianza kupona kwa wingi kwa mara ya kwanza. Mionzi ilielekezwa shingoni, kwapani na kifuani kwa pamoja, mfano wa mahali panapofunikwa na kanga iliyotupwa mabegani, kwa kipimo cha grei 40 hivi. Wagonjwa walipona. Baada ya miaka 15, 20 au 30 wengine walianza kurudi na maradhi mapya: mishipa ya moyo iliyoziba, saratani ya titi, ya mapafu, ya tezi ya koo.

Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia watu 3,905 waliotibiwa Hodgkin ya kila aina kati ya 1965 na 2000 na kuishi angalau miaka mitano. Hatari yao ya kupata saratani nyingine ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya watu wa kawaida, na ilikuwa bado juu hata miaka 40 baada ya matibabu. Takwimu hizo zisitumiwe kumtisha mgonjwa wa leo akatae mionzi. Zinahusu mionzi ya zamani na, kwa wengi, dawa kali za wakati ule. Leo eneo hupimwa kwa picha za CT au PET, mionzi hulenga palipo na ugonjwa, na kipimo cha kawaida ni grei 30 hivi, vipindi 15 kwa wiki tatu. Hata hivyo hatari haijaisha kabisa, na hapo ndipo kazi ya mgonjwa inapoanzia.

Aliyepigwa mionzi shingoni apimwe damu kila mwaka kuona kama tezi ya koo inafanya kazi. Ikilegea, mtu huchoka, hunenepa na kuhisi baridi, na dawa yake ni kidonge cha kila siku. Aliyepigwa kifuani apimwe shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu, huduma ambazo nyingi zinapatikana karibu na nyumbani. Kama anavuta sigara aache, maana moshi na mionzi ya kifua vikikutana huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu. Msichana au mwanamke aliyepata mionzi ya kifua kabla ya miaka 30 hatakiwi kusubiri umri wa kawaida wa kupimwa matiti. Mwongozo wa kimataifa ni kuanza miaka minane baada ya mionzi, au akifika miaka 25, kutegemea kipi kinachelewa.

Kisha kuna ugonjwa wenyewe. Limfoma hii ina tabia ya kurudi ikiwa imechelewa, hata baada ya miaka kumi, na mara chache hugeuka kuwa limfoma inayokua kwa kasi. Uvimbe mpya utolewe na upimwe upya; usichukuliwe kuwa ni ule wa zamani. Wengi ambao ugonjwa umewarudia hutibika tena.

Tiba ya mionzi hutolewa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na pia katika vituo vya Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Kinachowashinda wengi ni nauli na malazi ya wiki tatu kuliko mionzi yenyewe, kwa hiyo familia ipange mapema. Jisajili na SHA kwa kupiga *147# au kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii, na uhakikishe michango imelipwa kabla ya kuomba idhini ya matibabu. Watoto wasizuiwe kumkaribia mgonjwa: mionzi ya mashine haibaki mwilini wala haiambukizi.

Siku ya mwisho ya matibabu, omba muhtasari ulioandikwa: jina kamili la ugonjwa, sehemu iliyopigwa mionzi, jumla ya grei, idadi ya vipindi, tarehe, na dawa ulizopewa. Bandika nakala ndani ya daftari lako la kliniki, na nyingine iweke pamoja na kitambulisho. Daktari utakayemwona mwaka 2045 atauliza hayo hayo.