Bandika, bandua: mzizi uko wapi?

Mwalimu, tulifundishwa kuwa mzizi ndio unaobeba maana ya neno. Mzizi wa "bandika" una maana gani?

Mzizi wenyewe ni -band-. Maana yake? Hapo ndipo pagumu, maana husikii mtu akisema "banda sufuria" (na banda la kuku halimo humu). Mpishi akibandika sufuria anaiweka jikoni, akiibandua anaiepua. Tangazo hubandikwa ukutani, watu wa usafi wakalibandua. Wasipolibandua, mvua ikinyesha hubanduka lenyewe. Yaweke maneno hayo pamoja ndipo utaona kinachobaki: kitu kukaa juu ya kingine au kugandana nacho. Kiambishi -ik- hukitia katika hali hiyo, -u- hukitoa. Ndivyo tunavyoanika nguo asubuhi na kuzianua mawingu yakitanda. Kwa hiyo maana ya mzizi wa namna hii huipati kwa kulimenya neno moja. Uite ukoo mzima.

Lakini -ik- si kauli ya kutendeka?

Katika "wali huu haupikiki", ndiyo. Katika "bandika", siyo: yupo mtu anayebandika, na kipo kinachobandikwa. Ni viambishi viwili vinavyofanana sura, na wanafunzi wengi huponzwa hapo.

Kufa hakuna mtendwa. Imekuwaje tuseme "amefiwa"?

Swali zuri kuliko yote. Mzizi ni -f-, konsonanti moja tu, ndiyo sababu "amekufa" huhitaji ile -ku- ya kuupa mwili. Mzizi huu una nafasi ya mtu mmoja: anayekufa. Ukiongeza -i-, nafasi ya pili inafunguka, ya mahali ("alifia ugenini") au ya aliyeachwa ("mama yake amemfia"). Sasa -w- ina wa kumshika: "amefiwa na mama yake". Iondoe -i- uone kama "amekufwa" inasemeka.

Na maneno tuliyokopa?

Kitabu, katibu na maktaba zote zinatoka katika mzizi wa Kiarabu wa konsonanti tatu, k-t-b, unaohusu kuandika. Waarabu huugeuza kwa kubadili irabu ndani yake, hivyo wingi wao ni kutub. Sisi tuliisikia ki- tukaifanya ya ngeli, tukapata vitabu, na mzizi wao tukawa tumeukata kichwa. Amri ya Kiingereza ya kushika kushoto nayo ilipogeuka kuwa kipilefti, haikupona: muulize konda yeyote njia, atakuhesabia vipilefti.