SOMO: GEUZA JANI KABLA YA KUPIGA DAWA



Msimu uliopita vidukari, ambao wengi wetu tunawaita wadudu mafuta, walivamia sukuma wiki katika bustani yetu ya mfano hapa Bariadi. Tulifanya haraka kununua dawa na kupiga. Baada ya muda si mrefu vidukari walirudi kwa wingi kuliko mwanzo, na fedha ya dawa ilikuwa imekwisha. Fedha ile ilikuwa sadaka ya watu, hivyo tunaona ni wajibu wetu kuwashirikisha tulichojifunza.

Tulichokiona chini ya jani

Walipotuvamia tena, tuligeuza majani kwanza. Kati ya vidukari wazima tulikuta wengine wamevimba, wana rangi ya kahawia, wamekauka na kugandamana na jani. Hiyo ni kazi ya nyigu mdogo sana asiyeuma watu. Nyigu jike hutaga yai ndani ya kidukari. Buu huanguliwa, hula kidukari kutoka ndani, kisha nyigu mpya hutoboa tundu la duara na kutoka. Mdudu wa namna hii huitwa kidusia, na anayeliwa huitwa mwenyeji. Kupe hunyonya ng'ombe akamwacha hai, lakini kidusia huyu humuua mwenyeji wake.

Dawa yetu iliua nyigu pamoja na vidukari. Vidukari majike huzaa bila kuhitaji dume, hivyo wachache waliosalia waliongezeka upesi, na wa kuwazuia hakuwepo.

Jaribio la kufanya nyumbani

1. Chuma jani lenye vidukari waliovimba, au kamata kiwavi mmoja wa kabeji.
2. Weka ndani ya chupa safi inayoonyesha ndani, ambayo haijawahi kuwekwa dawa. Funika kwa kitambaa chepesi na ufunge kwa uzi.
3. Weka kivulini. Kiwavi apewe jani bichi kila siku.
4. Angalia kila asubuhi na uandike. Akitoka nondo au kipepeo, kiwavi alikuwa mzima. Ukiona vifuko vidogo vyeupe, kisha nyigu, kiwavi alikuwa na kidusia.

Si jambo dogo

Katika miaka ya 1970 vidung'ata wa mihogo waliingia Afrika na kuharibu chakula cha mamilioni ya watu. Watafiti walimfuata adui wao wa asili hadi Paragwai. Nyigu huyo, mwenye urefu wa milimita 2 hivi, aliachiwa Nigeria mwaka 1981, kisha akasambazwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Dkt. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hata viwavijeshi vamizi, walioonekana Tanzania mwaka 2017, wamekutwa na vidusia wa hapa hapa Afrika Mashariki.

Hatusemi dawa isitumike kamwe. Vidusia huhitaji muda, na kiwavi aliyetagiwa huweza kuendelea kula kwa siku kadhaa. Mashambulizi yakizidi, mwiteni afisa ugani. Lakini aende na mtu aliyekwisha kugeuza majani.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mara ya mwisho tulinunua dawa baada ya kuchunguza nini?
2. Nani atageuza majani kila wiki na kutuletea taarifa?