Kadi, Pointi na Tiketi ya Mama: Vidokezo kwa Wasafiri wa Kisii na Nyamira

Desemba ikifika, mjini Kisii utawatambua waliorudi kutoka ng'ambo kwa swali moja: "Mnapokea kadi?" Mwenye duka hajibu. Anaonyesha kibandiko cha namba ya tili ukutani, kisha anaendelea kufunga sukari.

Watu wanapanda ndege kwa pointi za kadi ya mkopo, hilo si porojo. Lakini mpango wenyewe ulitengenezwa kwa mtu anayelipia kila kitu kwa kadi, kuanzia kahawa hadi bima. Sisi tunalipa kwa simu. Kwa hiyo vidokezo vinavyomfaa mtu wa London havitufai sote huku, na vingine vinaweza kukuachia deni. Hivi ndivyo vinavyofaa kuanzia Suneka hadi Nyansiongo.

1. Jua kwanza kadi uliyo nayo ni ya aina gani

Kadi nyingi zilizo mifukoni mwetu hazina mkopo wowote. Ile unayotolea mshahara hukata pesa zako mwenyewe. SaccoLink unayopewa na sacco ni hivyo hivyo. GlobalPay ya M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom pamoja na Visa mwaka 2022, ni kadi ya kwenye simu inayokusaidia kununua vitu mtandaoni, na pesa zinazotoka ni zako.

Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki inakulipia leo, kisha inakuletea taarifa ya deni baadaye. Baadhi ya benki huambatanisha pointi: KCB, kwa mfano, wana Simba Points. Pointi za benki ni kitu kimoja na maili za shirika la ndege ni kingine. Kenya Airways wana mpango wao, Asante Rewards, ambao hukupa pointi kwa kusafiri na ndege zao. Kujiunga nao hakuhitaji kadi ya mkopo. Ukiwa unapanda ndege hata mara moja kwa mwaka kutoka Kisumu na hujajisajili, jisajili leo.

2. Kaunta ya benki ni mahali pa kuuliza

Yule kijana wa mauzo mwenye tai atakuambia habari ya pointi kwa furaha. Mwache amalize, kisha uliza: Pointi moja inapatikana kwa matumizi ya shilingi ngapi? Ada ya mwaka ni kiasi gani? Pointi zinakufa baada ya muda gani? Ni malipo gani hayahesabiwi? Mara nyingi kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuleti pointi hata moja, na riba yake huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu kuhamisha pesa kutoka kwenye kadi kwenda M-Pesa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Swali la mwisho ndilo kubwa: pointi hizi zinageuka tiketi ya ndege, au zinageuka vocha ya supamaketi? Vocha si kitu kibaya. Unga ni unga. Ila usiseme unaweka akiba ya safari.

3. Hesabu ya riba itangulie hesabu ya pointi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu uchumi wetu una tabia yake. Mkulima wa chai hupata malipo ya kila mwezi ya majani aliyopeleka kiwandani, kisha ile bonasi ambayo kwa kawaida huingia karibu na Oktoba. Tombe, Kebirigo, Sanganyi, Nyamache, Ogembo: kote huko watu hupanga karo, mabati na mahari kwa kuiangalia bonasi. Kadi ya mkopo haijui bonasi. Inadai kila mwezi.

Tuchukue mfano. Umetumia shilingi 40,000 kwa kadi mwezi Juni, ukasema utalipa bonasi ikiingia. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na deni linaachwa likae miezi minne. Linakuwa kama shilingi 45,000. Umelipa 5,000 za bure, bila kuhesabu ada za kuchelewa. Pointi je? Kama benki inatoa pointi moja kwa kila shilingi 100, umepata 400. Hata kila pointi ikiwa na thamani ya shilingi nzima, umenunua shilingi 400 kwa shilingi 5,000.

Taarifa ya kadi pia itakuonyesha "kiwango cha chini cha kulipa," na kiwango hicho kinapendeza macho. Ukikilipa, hutahesabiwa umekosa. Lakini deni lililobaki linaendelea kuzaa. Ukishindwa kabisa, jina lako linaweza kupelekwa kwa mashirika ya taarifa za mikopo, yaani CRB, na siku ukienda kuomba mkopo wa kununua shamba utaulizwa habari ya zile pointi zako.

Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi ana nafasi nzuri zaidi hapa: aiagize benki ikate deni lote kila mwezi mshahara ukiingia. Anayetegemea chai, ndizi au sanaa ya mawe ya Tabaka atumie kadi tu kwa pesa ambayo tayari iko kwenye akaunti.

4. Ipeleke kadi mahali inapopokelewa

Daraja Mbili hakuna haja ya kuitoa. Soko la Keroka vivyo hivyo. Kadi ina nafasi katika supamaketi kubwa, vituo vya mafuta, bima ya gari, hospitali binafsi, hoteli na tiketi za ndege zenyewe. Matumizi hayo machache, kwa familia yenye gari na watoto, yanatosha kuleta pointi za maana mwaka ukiisha, bila kununua kitu ambacho hukukihitaji.

Kwenye kituo cha mafuta, uliza habari ya mashine kabla mhudumu hajaanza kumimina. Utamwona akiinyanyua juu ya kichwa kutafuta mtandao, akizunguka pampu, akirudi na kusema, "Boss, jaribu M-Pesa tu." Tangi limeshajaa, kwa hiyo utajaribu M-Pesa.

Na ukinunua kwa dola mtandaoni, kumbuka benki huweka kiwango chake cha kubadilisha fedha. Tofauti hiyo inaweza kumeza pointi zote za ununuzi huo.

5. Mweka hazina ana bahati, na ana mtihani

Kwetu watu hawaendi mahali peke yao. Ujumbe wa kupeleka mahari, wazee wanaokwenda kumwona mgonjwa Nairobi, chama kinachotaka kulala hoteli moja Mombasa: kuna mtu mmoja anayekusanya michango na kulipa. Mtu huyo akilipa tiketi kumi na mbili kwa kadi yake, pointi zote ni zake, na wenzake hawajapoteza kitu.

Waambie wenzako mapema, maana kikundi kikigundua baadaye, maneno yatafika kijijini kabla yako. Halafu zile pesa walizokutumia kwa M-Pesa zipeleke kwenye akaunti ya kadi siku hiyo hiyo. Usizilaze kwenye simu. Pesa ya watu ikilala kwenye simu hukutana na karo, gesi imeisha, na shemeji mwenye shida ya dharura.

6. Tajiri wa pointi katika ukoo wenu yuko Minnesota

Kama umewahi kuzipitia jumbe za kikundi cha WhatsApp cha familia yoyote kutoka Nyamira, unajua Minnesota si mahali pa mbali. Brooklyn Park na Brooklyn Center, nje kidogo ya Minneapolis, kuna Abagusii wengi kiasi kwamba habari za msiba wa Manga hufika huko kabla ya kufika Kisii mjini.

Huyo dada anayefanya kazi ya uuguzi huko hulipia karibu kila kitu kwa kadi. Marekani, kadi nyingi humpa mteja mpya zawadi kubwa ya pointi akishatumia kiasi fulani katika miezi ya kwanza, na zawadi hiyo mara nyingi inashinda pointi za matumizi ya kawaida za muda mrefu. Minneapolis ni kituo kikuu cha shirika la Delta. Kadi zenye maili za Delta hutolewa na American Express. Delta, KLM, Air France na Kenya Airways wote wako katika muungano wa SkyTeam, ambao Kenya Airways waliingia mwaka 2010. Kwa lugha rahisi: maili zilizokusanywa kwa kununua nepi na mafuta ya gari Minnesota zinaweza kumvusha mama kutoka Nairobi hadi kwa wajukuu kupitia Amsterdam au Paris.

Kwa hiyo, badala ya kumwambia dada atume pesa za tiketi, mwulize ana maili ngapi. Wengi wanazo na hawazikumbuki. Asijaribu kukuhamishia kwenye akaunti yako, kwa sababu kuhamisha maili kwa mtu mara nyingi hutozwa ada. Aingie kwenye akaunti yake mwenyewe na akate tiketi kwa jina la mama. Kodi na ada za tiketi bado zitalipwa kwa pesa, na za upande wa Ulaya zinaweza kuwa nzito, kwa hiyo aangalie jumla yote kabla ya kubonyeza.

Jambo moja la heshima. Maili hizo ni jasho lake. Asiambiwe, "si ni za bure?"

7. Viza ije kabla ya tiketi

Mama hana viza, tiketi ya nini? Mahojiano ya viza ya Marekani hufanyika ubalozini Gigiri, na majibu hayakatiwi tiketi mapema. Ikiwa ni lazima nafasi ishikwe, soma masharti ya kughairi: maili zitarudi zote, na kwa ada gani?

8. Majina, majina, majina

Hiki ni kidogo lakini kimewarudisha watu kutoka uwanjani. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha ubatizo kina mengine, na pasipoti imeacha herufi moja ya Nyaboke au imepindua Kemunto na jina la baba. Tiketi ifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Dada asiandike jina anavyolikumbuka. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti. Pasipoti ikiwa na kosa, ofisi ya Uhamiaji iko hapa Kisii, na huo ndio wakati wa kwenda, sio wiki ya safari.

9. Tengeni maili za msiba

Hakuna anayependa kuliandika hili. Lakini Mgusii huzikwa nyumbani, na mtoto aliye ng'ambo atataka kufika kabla jeneza halijashushwa. Tiketi ya pesa ya kesho kutwa huwa ghali mno. Tiketi ya maili nayo hupanda bei karibu na siku ya safari, ila wakati mwingine kiti kinapatikana, na familia haitalazimika kuchangisha tiketi juu ya mchango wa hema, chakula na gari la maiti. Familia zenye ndugu kadhaa ng'ambo zinaweza kukubaliana kwamba mmoja wao hagusi maili zake kwa likizo. Mazungumzo hayo yafanyike wakati hakuna mgonjwa.

10. Pima thamani kabla ya kutumia

Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Mfano tu: tiketi ya Nairobi hadi Kisumu ni shilingi 8,000, au pointi 10,000 pamoja na shilingi 2,500. Kila pointi inakuletea senti 55. Sasa linganisha na benki hiyo hiyo inakupa nini kwa vocha. Safari fupi ya bei nafuu mara nyingi ni matumizi mabaya ya pointi. Safari ndefu, au ya Desemba ambapo bei zimepaa, ndiyo inayolipa, ukipata kiti. Viti vya pointi vya Desemba huisha mapema, kwa hiyo tafuta mapema, hata mwezi wa pili.

11. Bonga nazo ni pointi

Pointi za Bonga za Safaricom hazitakufikisha Amsterdam. Lakini uko nazo tayari, umezipata kwa kuongea tu. Piga *126# uone salio. Zikikununulia data ya kumpigia dada simu ya video, zimefanya kazi.

12. "Pointi zako zinaisha leo usiku"

Ujumbe wa namna hii ukija na kiungo cha kubonyeza, ufute. Benki haitakuuliza namba ya siri wala ile namba inayotumwa kwenye simu kuthibitisha malipo. Wazee wetu waambiwe hili kwa Ekegusii, polepole, mara mbili.

13. Kateni tiketi mpaka Kisumu

Suneka tuna uwanja wetu mdogo, lakini kwa wengi uwanja wa kutumia bado ni Kisumu, kilomita 110 hivi kupitia Oyugis, Sondu na Ahero. Anayekata tiketi ya maili mara nyingi huishia Nairobi, kisha kipande cha mwisho kinanunuliwa peke yake, na hapo mizigo inaanza kuhesabiwa upya kwa masharti mengine. Dada atafute Minneapolis hadi Kisumu katika tiketi moja. Isipowezekana, aache muda wa kutosha Nairobi, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa, mwenye tiketi mbili tofauti hana wa kumlalamikia. Aombe pia kiti cha magurudumu kwa mama wakati wa kukata, hata kama mama anasema hakihitaji. Amsterdam ni uwanja mrefu.

Kutoka Kisumu kuja nyumbani, mkubaliane bei na mwenye Probox kabla ya kupakia masanduku. Yeye hapokei kadi.