Maji ya chupa, barafu ya bomba

SWALI: Daktari, mwezi uliopita nilimsindikiza mama Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Nilikunywa maji ya chupa tu. Siku kumi na mbili baada ya kurudi nikashikwa na homa, kichwa kinauma, sipati choo. Nimepima Widal, nikaambiwa taifodi. Nimemeza sipro siku tano, homa haijakata. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana dada, na mama mpe pole.

Maji ya chupa ulifanya vizuri. Lakini juisi ya miwa ya pale nje ya hospitali, barafu yake iligandishwa kwa maji gani? Na ile chatini mbichi inayokuja na dosa? Bakteria wa taifodi hawafi kwa kugandishwa. Wasindikizaji wengi huchunga chupa kisha wakasahau glasi.

Tarehe zako zinaendana na taifodi, maana mara nyingi huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuingia mwilini. Wala kukosa choo hakuiondoi. Watu wazima wengi hufunga choo badala ya kuharisha.

Ila Widal mimi siiamini sana. Inapima kingamwili, na kwetu huku mtu anaweza kuwa nazo kutokana na maambukizi ya zamani au chanjo, huku homa ya leo ikiwa ni malaria. Kwa hiyo malaria ipimwe tena, na damu yako ioteshwe maabara. Kuotesha huchukua siku kadhaa, lakini ndiko kunakoonyesha bakteria mwenyewe na dawa inayomuua. Sipro uliyokwisha kunywa inaweza kumficha asiote. Hata hivyo ioteshwe, na damu itolewe kabla hujaanza dawa nyingine.

Hata dawa sahihi huchukua siku nne, tano kushusha homa ya taifodi, hivyo sipro siihukumu kwa hilo peke yake. Ninachokitilia shaka ni mahali ulikotoka: taifodi nyingi ya India siku hizi haisikii sipro. Pakistan ni mbaya zaidi. Tangu 2016, mkoani Sindh, umeenea usugu unaoishinda hata sindano ya seftriaksoni. Kwa hiyo neno la kwanza ukiingia kwa daktari liwe "nimetoka India", pamoja na tarehe. Yeye ndiye ataamua kati ya azithromaisini na seftriaksoni. Usiende kujinunulia duka la dawa.

Nenda leo. Tumbo likiuma ghafla na kukakamaa, choo kikiwa cheusi au chenye damu, au ukianza kuweweseka, usingoje kupambazuke: utumbo unaweza kuwa unavuja damu au umetoboka.

Mpaka upone usipike chakula cha wenzako, na ukitoka chooni nawa kwa sabuni. Mama naye akipata homa, apelekwe siku hiyo hiyo. Mkirudi Chennai kwa kliniki yake, ulizieni chanjo ya taifodi walau wiki mbili kabla ya safari.